Kitabu Chako Kimesahau Kicheko

Nzuguni, siku moja kabla ya safari yenu

Mwanangu Yona,

Wewe na Salome mmetoka kupeleka mizigo mikubwa stendi, Danieli mmeniachia amelala, na mimi nimekaa mezani na miwani yangu kama mtu anayesahihisha mitihani. Niliandika mstari mmoja, nikaenda kufunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Nikarudi, nikaandika wa pili, nikaenda kulifungua kwa sababu ya joto. Mistari yote miwili nimeifuta. Huu ni wa tatu, na sitaufuta hata ukiwa mbaya.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za maji ya kuchemsha, wala za kofia ya mtoto. Hayo unayajua kuliko mimi, nimekuona ukimwogesha. Nataka kukuandikia habari za kitabu ulichoniachia, na habari za saa kumi ya leo.

Saa kumi ndugu na majirani watakuja kuwaaga, na mimi ndiye nitakayesimama kusema. Jumapili Baba yako Mkubwa Mika alikuja kunipa maneno ya kusema. Ulikuwa umekaa palepale, mtoto mapajani, ukasikia yote.

"Shemeji," aliniambia, "utasema hivi: Yona amepata kazi Mpanda, na mkewe anamfuata. Basi. Hakuna atakayeuliza barua ya kazi."

"Lakini mwenye kazi ni Salome."

"Najua. Daktari wa mifugo, amepangiwa huko, sawa. Lakini mwanamume wa ukoo wetu hamfuati mwanamke akiwa na kikapu cha nepi. Mke anaingiza mkono kwenye ng'ombe, mume anafua! Watu watasema kijana ameolewa. Ukitaka nije kuwaombea, sema kama nilivyokuambia. Hutaki, mimi nabaki na mbuzi wangu."

Nikasema sawa. Wewe ulinitazama, ukainuka, ukaenda kumbadilisha mtoto. Tangu siku hiyo sijatulia. Nikikaa naona kiti hakifai. Nikilala naona nimesahau kufunga kitu.

Kesho yake ukaniwekea kile kitabu chenye jalada la buluu, ukasema, "Mama, hiki si cha kusahihisha. Ni cha kusoma."

Unajua nilivyo kuhusu hadithi za namna hiyo. Nilipokuwa nasimamia maktaba ya shule, riwaya zote za vyombo vya angani na watu wa sayari nyingine nilizifungia kabatini. Nilisema mtoto ana mengi ya kujua hapa duniani kabla hajapelekwa huko. Wewe ulikuwa ukizisoma uvunguni mwa kitanda, na mimi nilikuwa nikizitoa huko na kukupa insha. Nilidhani ni hadithi za mashine. Ni kosa la mtu ambaye hajafungua kitabu. Sasa nimesoma, na nimeona kwamba mashine ni kama kuta za nyumba tu. Ndani yake kinachoulizwa ni watu wanaishije, nani anabeba nini, na nani aliamua kwamba abebe yeye.

Basi nimekisoma. Kalamu nyekundu niliishika, nisikufiche, lakini kuanzia katikati niliisahau mezani.

Mji uliochimbwa chini ya ardhi, katika sayari ambayo upepo haupumziki. Nilipofika hapo nilisema, mwandishi huyu amewahi kuishi Dodoma mwezi wa nane. Kisha nikafika kwenye ile sheria yao: kwamba mtu yeyote, awe mwanamke au mwanamume, hapewi cheo wala haruhusiwi kupiga kura mpaka awe amelea mtoto mchanga kwa miaka miwili, mtoto aliyempata kwa bahati nasibu, si lazima awe wake. Vikao vyao vinafanyika watoto wakiwa mapajani. Mtoto akilia, mzungumzaji ananyamaza. Nilicheka peke yangu, nikajaribu kuwafikiria wakubwa wa mji wetu huu wakisimamisha hoja kwa sababu mmoja wao ana nepi iliyolowa.

Halafu yule fundi wa mitambo ya hewa, mtu mkubwa wa mwili, mwenye majivuno, aliyepewa mtoto akamficha kwenye sanduku la vifaa ili wenzake kazini wasimwone. Pale nilifunga kitabu. Nilikwenda uani, nikafagia mahali palipokwisha fagiwa. Nilirudi, nikaendelea. Jinsi anavyojifunza kuitambua homa kwa shavu lake mwenyewe, jinsi anavyoanza kusikia mlio wa mtoto kupitia mlio wa mitambo, sikujua kwamba hadithi ya angani inaweza kuandika kitu kama hicho. Nilimaliza alfajiri ya jana.

Sasa nikuambie ninachokipinga, maana sikukulea ukubali kila kitu, na mimi mwenyewe siwezi. Katika mji ule kuna sheria, kuna makamanda, kuna adhabu. Hakuna anayecheka. Fundi wa hewa anamficha mtoto, lakini mwandishi hatuambii anaogopa nini. Anaogopa kicheko, Yona. Mwandishi amesahau kicheko. Hapa kwetu hakuna sheria inayomkataza mwanamume kumbeba mtoto mgongoni na kwenda naye sokoni Sabasaba. Hakuna askari atakayemkamata. Kuna kicheko tu, na kicheko kinatosha. Mtu anayeijua nchi hii angeanzia hapo.

Na nikuambie jambo jingine, ambalo sijui kama nimewahi kukusimulia. Yule mwandishi anadhani amezua jambo jipya. Mimi nimeliona kwa macho yangu, nikiwa msichana mdogo kijijini kwetu, upande wa Mvumi.

Ng'ombe walikuwa wanakufa. Wazee wakasema nchi imeharibika, na kazi ya kuitengeneza ikaachwa mikononi mwa wanawake, kwa desturi ya Wagogo wa zamani. Asubuhi mama yangu alivaa shuka la baba, akashika mkuki wa baba, akafungua zizi. Wanawake wa kaya zote walifanya hivyo. Wakawaswaga ng'ombe kuelekea magharibi, wakitembea kiume, wakitukana kiume, kwenda kuutupa ule ubaya mpakani. Mimi nilipewa fimbo ya kuwachungia ndama. Wanaume walibaki nyumbani na watoto wachanga na mawe ya kusagia.

Jioni tuliporudi, shangazi yangu alisimama mlangoni kwake, akamwita mumewe kwa sauti nzito: "We mwanamke! Maji yangu ya kuoga yako wapi?"

"Yanachemka, bwana," akajibu yule mzee, mikono imejaa unga, na watu wote wakaangua kicheko, yeye mwenyewe wa kwanza. Baba yangu alikuwa amepika ugali wa uwele uliojaa madonge. Tuliula. Mama akautema kidogo, akamwambia, "Kwenu hawakukufunza?" Nilimwona baba akicheka mpaka machozi. Sijawahi kumwona hivyo tena.

Ile kazi ilipokwisha, niliamka mapema nikaichukua fimbo yangu. Baba alinikuta zizini.

"Weka hiyo."

"Mbona nilichunga?"

"Ulichunga nchi ikiwa inaumwa," akasema. "Sasa imepona."

Hakunipiga. Aliichukua tu, akampa kaka yangu, ambaye alikuwa mdogo kuliko mimi na aliyewaogopa ng'ombe. Jibu lile nimezunguka nalo maisha yangu yote. Nchi ikiumwa tunaweza, ikipona hatuwezi. Kama tuliweza siku ile, na ng'ombe walirudi wote, na watoto walikutwa wazima, basi kilichoturudisha jikoni si kushindwa. Nilikua nikisema kwamba mimi sitakuwa kama baba. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikawafundisha wasichana wengi kwamba hakuna kazi isiyo yao. Niliona nimemaliza.

Halafu nikafanya jambo lilelile kwa baba yako.

Ulikuwepo, ulikuwa shule ya msingi. Kiwanda kilipofungwa na yeye akabaki nyumbani, mshahara wangu ndio uliotulisha, na mikono yake ndiyo iliyotupikia. Alikuwa anapika mlenda kunishinda, tusidanganyane. Alikuwa anaimba akipika. Na mimi, Mwalimu, mtu wa maneno makubwa, nikisikia hodi getini nilikuwa nakwenda mbio jikoni kuuchukua mwiko mkononi mwake. Yeye alikuwa anafuta mikono, anakwenda sebuleni, anafungua gazeti la wiki iliyopita. Hatukuwahi kukubaliana. Tulifanya tu.

Siku moja alikataa kuuachia. Mwinjilisti yuko mlangoni, na sisi watu wazima tumesimama kwenye sufuria tunavutana mwiko kimyakimya.

"Mwache anione," alininong'oneza.

"Na mimi je? Watasema mume hapa ni mimi."

Akauachia. Haikupita muda mrefu, akaacha kupika. Akaanza kutoka asubuhi kwenda kukaa kijiweni na wanaume wenzake wasio na kazi, akirudi jioni ananukia sigara za watu. Majirani walisema sasa Mzee amechangamka. Mimi nilijua kwamba nyimbo zimekwisha jikoni. Nilidhani ninamlindia heshima yake, kumbe niliyekuwa nikimlinda ni mimi, nisichekwe. Hakuwahi kunilaumu. Laiti angenilaumu, ningepata pa kujitetea.

Kwa hiyo unaposoma habari za yule fundi na sanduku lake, unamsoma mama yako. Tofauti ni kwamba fundi yule alimficha mtoto. Mimi nilimficha mtu mzima.

Nimeinuka tena. Danieli alijigeuza, nikadhani ameamka, hajaamka. Na nilipopita uani Mama Zuhura akaniita juu ya ukuta.

"Mwalimu! Mambo ya sherehe?"

"Si sherehe, ni kuaga tu. Karibu saa kumi."

"Nakuja. Eti nasikia kijana anaolewa Mpanda! Mahari mmepokea ng'ombe wangapi?"

Akaona uso wangu.

"Nacheka tu, Mwalimu wangu, usininunie. Wangu mimi ukimpa mtoto ashike kidogo, anamgeuzageuza anatafuta pa kumzimia."

Nilitaka kumjibu kwa ukali na nikashindwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi, "Salome ana bahati, lakini." Akateremka kwenye tofali alilosimamia, akaenda zake.

Hilo nalo limenivuruga. Kumbe si kicheko kimoja. Kuna cha Baba Mkubwa, ambacho ni fimbo. Kuna cha shangazi yangu siku ile, na cha mumewe, ambacho kilikuwa kama mlango uliofunguliwa. Na kuna hiki cha Mama Zuhura, ambacho ndani yake mtu analia kidogo. Nimeishi miaka yote hii nikivikimbia vyote kama kitu kimoja.

Swali ambalo kitabu chako kimeniachia ni hili, na sina jibu lake: je, kama sheria ya mji ule ingefutwa kesho, ni wangapi wangeendelea kuwabeba watoto wale? Wewe hakuna aliyekuwekea sheria. Hakuna cheo unachongojea mwisho wa miaka miwili. Umeamua, basi. Najua ulianza kuamua uvunguni mwa kitanda, kwenye vile vitabu nilivyokuwa nakunyang'anya. Huko ndiko ulikozoea kuuliza kama mambo yangeweza kuwa vingine. Mimi niliuliza swali hilo zizini kwa baba yangu, nikaogopa kuliuliza mara ya pili.

Utachekwa, mwanangu. Mpanda nako watu wana midomo. Kuna siku utakuwa umechoka, Salome amerudi na buti zenye kinyesi cha ng'ombe na hadithi za watu aliokutana nao, na wewe hadithi yako ni kwamba mtoto amekula ndizi nusu. Siku hiyo utamchukia kidogo. Nilimchukia baba yako kidogo, na yeye mimi, kwa zamu. Sema. Usiende kukaa kijiweni na maneno yako. Na kazi ikipatikana, ukaitaka, ichukue. Usigeuke sanamu ya hoja yako mwenyewe. Siku mgeni atakapopiga hodi, Salome akaja mbio kukupokonya ulichoshika, mtazame usoni kwanza. Huenda anaogopa. Mimi nilikuwa naogopa, na hakuna aliyeniuliza.

Nasikia geti. Ni nyinyi. Naficha karatasi hizi chini ya kitambaa cha meza kama mwanafunzi.

*

Wageni wameondoka wote. Jua bado halijazama.

Naandika kwa sababu wewe hukuwepo ndani. Kelele zilimwamsha Danieli, ukamchukua ukaenda naye nyuma ya nyumba kumbembeleza, na nilipoambiwa nisimame nilikungoja kidogo, kisha nikaona nisikungoje. Salome alikuwepo, amesimama na kreti ya soda. Hatakusimulia vizuri, maana alikuwa analia. Afadhali nikusimulie mimi.

Baba Mkubwa alikaa mbele, amevaa koti lake la kanisani. Alinitikisia kichwa, kwamba anza. Nikasema:

"Ndugu zangu, Salome amepangiwa kazi Mpanda, kutibu mifugo. Yona anakwenda naye. Anakwenda kulea mtoto na kutunza nyumba. Akipata kazi, sawa. Asipopata, ataendelea kulea. Hakuna aliyemlazimisha, na mimi mama yake nimempa ruhusa. Na mjue pia kwamba chakula mlichokuwa mkikisifu katika nyumba hii, miaka ile kiwanda kilipofungwa, alikipika marehemu mume wangu. Mimi nilikuwa nakibeba tu kuwaletea."

Kisha mtu mmoja akacheka nyuma. Sikugeuka kutazama ni nani. Nilisimama, kicheko kikapita, na sikufa.

"Shemeji," akasema Baba Mkubwa, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana, Shemeji. Nimevunja."

"Mbele za watu?"

"Uongo nao ungekuwa mbele za watu."

Alichukua kofia yake. Alikuwa na uso wa mtu aliyeumia, si wa mtu aliyekasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Alimpenda mdogo wake, baba yako, kuliko sisi sote, na nimemwambia habari za mdogo wake mbele ya majirani. Alifika mlangoni, akamwita mkewe. Mama Mkubwa akamjibu, "Tangulia, Baba. Mimi pilau sijaimaliza." Watu wakacheka, na safari hii kilikuwa kile kicheko cha shangazi yangu mlangoni kwake zamani. Lakini yeye alikwenda zake, Yona. Hakuomba. Alikuja kuwaombea na ameondoka hajawaombea, na sababu ni mimi.

Hakuna mwanamume mwingine aliyethubutu kuchukua nafasi yake. Nikaomba mwenyewe. Niliomba vibaya; nilirudia maneno, nikasahau kumtaja dereva. Ulipoitikia "Amina" kule nyuma ya nyumba, nadhani ulidhani unaitikia sala ya Baba yako Mkubwa. Ilikuwa yangu. Ndiyo pekee mliyo nayo, mtasafiri nayo hivyohivyo.

Hatakuja stendi kesho. Usimtafute kwa macho, na usimjibu kwa kununa. Mkishatulia, mpigie simu, mpe shikamoo yake. Asipopokea, piga siku nyingine. Mimi nitakuja, na sitasema mengi pale, ndiyo maana nimeyasema hapa.

Kitabu chako nimekirudisha kwenye begi la mtoto. Makosa ya chapa nimeyawekea alama, ni machache. Ukipata kingine cha namna hiyo, nitumie.

Mkifika Mpanda, usinipigie wewe. Mwambie Salome anipigie. Wewe utakuwa umembeba Danieli.

Mama yako